Mwendo wa Feni ya Darini: Somo Lililotokana na Makato ya Mshahara



Katika somo hili tutaeleza jinsi mwendo wa feni ya darini unavyopunguzwa na kuongezwa. Wenzetu wa Tanzania huiita pangaboi. Sisi huku Uganda tumezoea kusema feni. Huenda mtu akauliza, chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na feni? Jibu ni kwamba mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa ajili ya feni, na sisi wa kamati ya tawi tulipotaka kumtetea tuliona kuwa hatujui lo lote juu ya kitu tunachobishania. Ilitubidi tujifunze kwanza. Yale tuliyojifunza ndiyo tunayoyaandika hapa, ili tawi jingine likipatwa na jambo kama hili lisianze gizani kama sisi.

Habari ilikuwa hivi. Mwezi wa Machi mwaka 2022, mwenzetu wa shifti ya usiku, anayekaa katika nyumba za kampuni, aliona feni yake haizunguki. Mtu wa shifti ya usiku hulala mchana, chini ya mabati, na bila feni usingizi hauji. Alikaa siku nne akienda kazini na macho mekundu kabla hajakwenda kuripoti stoo. Sisi tunaofanya kazi karibu na mikanda na rola tunajua maana ya mtu kusinzia mbele ya mashine.

Karani wa stoo alimwuliza, "Ulikuwa ukiiendesha namba ngapi?" Mwenzetu akasema ukweli: namba 2, kwa sababu namba 5 humpulizia mtoto vumbi. Karani akaandika katika daftari kwamba mfanyakazi ameunguza mota kwa kuiendesha polepole. Bei ya feni mpya ikakatwa katika mshahara, nusu mwezi ule na nusu mwezi uliofuata. Feni nyingine tatu katika nyumba zile zilikwisha kulipwa na wafanyakazi kwa njia hiyo hiyo, bila mtu kusema neno.

Malalamiko yalipoletwa tawini, wajumbe wawili wa kamati yetu walikubaliana na karani. Walisema mota ikienda polepole huungua, kila mtu anajua. Sisi wengine tulinyamaza. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na katika mambo ya umeme tunajua kuwasha na kuzima. Ndipo tulipomwendea mzee mmoja mjini, fundi wa kusuka mota, ambaye ujana wake aliumaliza katika karakana ya kiwanda cha nguo. Alikubali kutufundisha Jumapili mbili. Tulimlipa nauli, sukari kilo mbili na soda.

NDANI YA FENI

Jumapili ya kwanza mzee alitufungulia feni kuukuu juu ya jamvi. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba katika feni ya darini mambo yamegeuzwa. Katika mota tulizozizoea kiwandani, koili zimekaa nje kwenye bodi isiyosogea, na chuma cha ndani ndicho kinachozunguka pamoja na shafti. Katika feni ya darini, koili zimekaa katikati, zimeshikwa na lile bomba linaloning'inia, na kifuniko cha nje ndicho kinachozunguka na mapanga yake. Ndani ya kifuniko hicho umeme haupelekwi kwa waya. Kuna chuma chenye vijiti vya alumini vilivyounganishwa ncha zake, basi.

Nini basi kinachokizungusha? Umeme wa majumbani huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Ndivyo ulivyo umeme wa Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na ndivyo ulivyo Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Koili zikipata umeme wa namna hiyo huwa sumaku, na zikipangwa vizuri sumaku hiyo huzunguka ingawa koili zenyewe zimetulia. Kifuniko huburutwa na sumaku kama toroli inayovutwa kwa kamba. Toroli ikimfikia anayeivuta, kamba hulegea, na hakuna tena kuvutwa. Kwa hiyo kifuniko hapana budi kibaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma ndiko kunakoleta mvuto. Tafadhali mshike neno hili, maana somo lote limesimama juu yake.

Mzee alitupa hesabu. Dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo umeme huenda na kurudi mara 3,000 kwa dakika. Koili zikipangwa kufanya jozi 7 za sumaku, sumaku huzunguka mara 3,000 kugawa kwa 7, yaani 428 na kidogo kwa dakika. Feni yenyewe hubaki nyuma na kuzunguka mara 350 hivi. Zipo feni zenye jozi 8 au 9, nazo huenda taratibu zaidi, lakini njia ya hesabu ni ile ile.

Koili za feni ni za makundi mawili. Kundi la kwanza hupata umeme moja kwa moja. Kundi la pili hupata umeme uliopita kwanza katika kapasita, kile kidude kidogo cheusi au cheupe kilichofichwa chini ya kikombe cha juu ya mota. Kazi ya kapasita ni kuufanya umeme wa kundi la pili utangulie ule wa kundi la kwanza. Mzee alitufananishia na baiskeli. Ukiwa na mguu mmoja tu, na pedali iko juu kabisa, utakanyaga mpaka uchoke na gurudumu halitazunguka. Miguu miwili ikipokezana, mmoja mbele ya mwenzake, gurudumu huenda. Kapasita ndiyo inayofanya miguu ipokezane.

Kwa hiyo kapasita ikifa, feni hunguruma tu bila kuzunguka. Ukiisukuma panga kwa mkono inaweza kuanza kuzunguka, na itafuata upande wo wote ulioisukuma. Mwenzetu aliposikia hayo aliruka pale jamvini. Mtoto wake alikuwa akiisukuma feni kwa ufagio, na kweli ilikuwa ikienda, mara nyingine kinyumenyume.

KUPUNGUZA MWENDO

Ziko njia mbili za kupunguza mwendo wa mota ya namna hii. Njia ya kwanza ni kubadili ile hesabu ya 50 kwa sekunde. Hilo hufanywa na mtambo wa elektroniki. Viwandani tunayo mitambo hiyo katika baadhi ya mashine, ile inayofungwa katika kabati na kuonyesha tarakimu. Katika nyumba za wafanyakazi wengi haimo. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya regulata ya ukutani, ni kulegeza mvuto. Regulata hupunguza volti zinazofika kwenye feni, sumaku inakuwa dhaifu, na kifuniko kinabaki nyuma zaidi.

Hapa mzee alitusomesha jambo ambalo ndilo lililotuokoa baadaye. Volti zikipungua kuwa nusu, mvuto haubaki nusu, unabaki robo. Feni ingesimama, kama hewa nayo isingekuwa na tabia yake. Mapanga yakienda kwa nusu ya mwendo, hewa hupinga kwa robo ya nguvu. Basi feni hushuka mwendo mpaka ifike mahali ambapo mvuto mdogo na upinzani mdogo vinalingana, na hapo inatulia. Mzigo umepungua pamoja na mwendo. Mota haikulazimishwa cho chote.

Sasa tuchukue mashine ya kusaga posho. Umeme ukiwa dhaifu, mahindi hayawi laini kwa sababu hiyo. Mzigo unabaki ule ule. Mota inabaki nyuma sana, inavuta umeme mwingi zaidi ili ijikokote, waya zinapata moto, na vanishi inayotenganisha waya na waya inaungua. Moshi, harufu, kwisha. Ndiyo maana mtu mwenye busara huzima mashine ya posho anapoona taa zimefifia.

Tulipofika hapo tulimwelewa karani wa stoo. Mtu yule alifanya kazi kwenye kinu miaka mingi kabla ya kupewa ufunguo wa stoo, na huko ameona mota zikiungua kwa umeme dhaifu. Hakuwa mwongo. Alichukua kanuni ya kinu akaiweka juu ya feni. Wajumbe wetu wawili nao walifanya vivyo hivyo, na tuseme wazi kwamba sisi wenyewe tusingekuwa na jibu kama mzee asingetufundisha.

REGULATA ZA AINA MBALIMBALI

Yafaa mtu ajue regulata aliyo nayo, maana zote zina namba na kitufe cha kuzungusha lakini ndani yake ni tofauti.

Ya zamani zaidi ni boksi kubwa lenye matundu, ndani yake umesokotwa waya wa kuzuia umeme juu ya kigae. Ukiweka mwendo mdogo, boksi hupata joto mpaka mjusi anakuja kukaa juu yake wakati wa baridi. Joto hilo ni pesa. Tuchukue mfano: ikiwa umeme unaopita ni ampea 0.2, na waya ule una upinzani wa omu 500, basi 0.2 mara 0.2 mara 500 ni wati 20. Feni ikiendeshwa saa nane kila siku kwa siku 30, ni yuniti 4.8 kwa mwezi zinazopasha ukuta moto. Feni nzima ya wati 75, ikienda mwendo wa juu kabisa kwa muda huo huo, hula yuniti 18. Kwa hiyo mwenye boksi hili anayepunguza feni ili kuokoa pesa huokoa kidogo kuliko anavyodhani. Boksi lisifunikwe kwa pazia wala kalenda.

Aina ya pili ni nzito mkononi kuliko ukubwa wake, kwa sababu ndani yake mna koili iliyozungushiwa chuma. Hiyo haipotezi sana, na hudumu. Ikinguruma kidogo usiogope.

Aina ya tatu ni nyepesi, kitufe chake huzunguka bila kugonga namba kwa namba. Hiyo ni ya elektroniki. Hukata vipande vya umeme na kuupeleka nusunusu. Ni nzuri ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya feni. Lakini madukani kuna swichi inayofanana nayo kabisa ya kupunguza mwanga wa taa, na bei yake ni rahisi. Usiifunge kwenye feni. Ile ilitengenezwa kwa ajili ya taa. Ukiipa koili, feni hulia, hupata joto lisilo lake, na swichi yenyewe inaweza kuungua ukutani. Tumeiona nyumba moja ambamo plastiki ya swichi hiyo iliyeyuka na kushuka kama nta, juu kidogo ya kitanda cha mtoto.

Aina ya nne ndiyo inayotiwa sana siku hizi. Ina namba zinazogonga, ni nyepesi, haipati joto wala hailii. Ndani yake mna kapasita mbili tatu za kuzuia umeme bila kuugeuza kuwa joto. Kama mwajiri anataka kujua aina ya kununua kwa nyumba za wafanyakazi, mwambieni hii.

Ziko pia feni mpya zenye sumaku za kudumu ndani na rimoti ya kuziendesha. Hizo hula wati 28 hadi 35 hivi kwa mwendo wa juu, yaani chini ya nusu ya feni zetu. Lakini zina mtambo wao ndani, na hazitaki regulata ya ukutani. Ukizifunga pamoja unaharibu.

Jambo moja kwa aina zote: feni iliyochakaa huenda ikashindwa kuanza kwa namba 1. Iwashe kwa namba kubwa kwanza, ikishika mwendo ndipo uipunguze. Ukiikuta imesimama inanguruma kwa namba ndogo, usiiache hivyo. Feni iliyosimama na umeme unapita ndiyo feni inayoungua kweli, kwa sababu mapanga hayazunguki na hewa ya kupoza hakuna.

KUFUNGUA NA KUPIMA

Jumapili ya pili tulikwenda nyumbani kwa wenzetu kupima. Hapa tunasimulia kosa letu wenyewe. Mweka hazina wa tawi alizungusha regulata mpaka sifuri, akapanda ngazi, akataka kushika waya. Mzee akampigia kelele ashuke. Akamchukua bisibisi ya kupimia, akagusa, taa yake ikawaka. Regulata imezimwa, lakini umeme uko juu! Sababu ni kwamba aliyefunga waya katika nyumba ile aliweka swichi kwenye waya baridi badala ya waya wenye umeme. Feni ikizimwa inasimama, lakini waya unaoileta hai unabaki hai, unamngoja mtu. Katika nyumba sita tulizozitazama siku ile, mbili zilifungwa hivyo.

Kwa hiyo shariti la kwanza: zima swichi kubwa ya nyumba, pale penye mita, na mtu asimame hapo asiruhusu mwingine kuwasha. Kisha pima, usiamini macho. Shariti la pili ni kapasita. Hata umeme ukizimwa, kapasita inaweza kubaki na umeme ndani yake. Haitamwua mtu mzima kwa kawaida, lakini itamshtua, na mtu aliyeshtuka juu ya ngazi huanguka. Mzee aliimaliza nguvu kwa kugusisha ncha zake mbili kwenye nyaya za taa ya kizamani ya waya. Wengine hugusisha ncha kwa bisibisi mpaka ipige cheche. Alituambia huo ni ufundi wa kujionyesha. Na mtu asiyezoea kazi hii asipande kabisa. Lengo la somo ni kumwezesha mfanyakazi kumsimamia fundi na kuuliza maswali, hatukusudii kila mtu ageuke fundi.

Kupima koili ni rahisi ukiwa na mita ya omu. Kutoka kwenye mota zinatoka nyaya tatu. Pima mbili mbili, utapata namba tatu. Ikiwa namba kubwa ni sawa na jumla ya zile mbili ndogo, koili ni nzima. Ikiwa jozi moja haionyeshi kitu, koili imekatika. Kisha pima kila waya na bodi ya feni: hapo mita isionyeshe cho chote. Ikionyesha, umeme umeingia kwenye bodi, na feni hiyo ni hatari hata kama inazunguka.

Feni ya mwenzetu, ambayo stoo ilikuwa bado haijaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ilitoa namba safi. Koili zake zilikuwa nzima kabisa, vanishi yake inang'aa. Kapasita yake ilikuwa imevimba tumboni. Ilikuwa imeandikwa 2.5, maana yake mikrofaradi 2.5. Kapasita huchoka kwa miaka na kwa joto la chini ya bati; feni huanza kupunguza mwendo mwezi kwa mwezi, mtu anadhani regulata imeharibika, mpaka siku moja haianzi. Dawa yake ni kapasita nyingine ya namba ile ile, na ya volti zisizopungua zile zilizoandikwa juu ya ile ya zamani. Wapo mafundi wanaotia namba kubwa zaidi ili feni ikimbie. Itakimbia kidogo, na lile kundi la pili la koili litapata moto siku zote hadi liungue. Bei ya kapasita hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya feni ambayo mwenzetu alikatwa.

MKUTANO NA MENEJIMENTI

Tulikwenda mkutanoni na feni, na mita, na kapasita mpya mfukoni mwa katibu. Tulikwenda pia na jambo la sheria: Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1949, ambao unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Katika mapatano yetu na kampuni hapakuwa na neno lo lote juu ya feni. Lakini tuliona kuwa tukianza na sheria tutabishana mpaka jioni, kwa hiyo tulianza na feni.

Mhandisi wa kiwanda, kijana msikivu, alipima koili akakubali kuwa ni nzima. Akatia kapasita, akaiweka feni juu ya meza bila mapanga, akaiwasha. Ikazunguka. Kisha akazungusha regulata kutoka namba 5 mpaka namba 2, na feni ikaendelea karibu mwendo ule ule. Karani wa stoo akacheka. "Mnaona? Imeharibika. Haipungui." Kwa kitambo tuliona kazi yetu yote imekwenda na maji. Ndipo katibu wetu, mama wa idara ya kufungasha, aliposema, "Haina mapanga, bwana mhandisi. Mvuto mmeupunguza, lakini hewa ya kuizuia iko wapi?" Mhandisi akanyamaza, akatabasamu, akaagiza ngazi.

Feni ikatungikwa kwenye boriti ya chumba cha mkutano na mapanga yake. Namba 5 ikapeperusha karatasi za meneja. Namba 2 ikatulia. Mkutano ukaendelea kwa saa moja na nusu, namba 2 juu ya vichwa vyetu, tukijadili mambo mengine ya posho na buti. Mwisho ikazimwa, swichi kubwa ikazimwa, mhandisi akapanda, akaweka kiganja chake kwenye bodi ya mota akakiacha hapo. Ilikuwa na uvuguvugu tu.

Mwenzetu alirudishiwa pesa zake kwa mafungu mawili, kama zilivyokatwa. Wale watatu wa kwanza hawakupata kitu. Feni zao zilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, na menejimenti ilisema haiwezi kujua kama nazo zilikuwa kapasita au koili. Hatukuwa na ushahidi wa kujibu hilo. Shauri lao bado tunalo katika faili, na tunakiri kuwa tulichelewa. Tangu wakati huo tumekubaliana na mwajiri kwa maandishi kuwa feni iliyoharibika ipimwe mbele ya mjumbe wa tawi kabla haijaondolewa katika nyumba, na kwamba kapasita na regulata ni matengenezo ya mwenye nyumba, yaani kampuni. Zile nyumba zenye swichi kwenye waya baridi zilikuwa 11 tulipomaliza kuzihesabu. 7 zimerekebishwa, 4 bado.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

Feni inanguruma lakini haianzi, na ikisukumwa huzunguka: ni kitu gani cha kupima kwanza, na kwa nini? Kwa nini volti chache huunguza mota ya kinu na haziunguzi mota ya feni? Regulata ya boksi inapoteza wati 15 na feni huendeshwa saa kumi kwa siku: kwa siku 30 ni yuniti ngapi, na kwa bei ya umeme ya kwenu ni shilingi ngapi? Katika nyumba mnazokaa, nani amewahi kupima kama swichi ya feni iko kwenye waya wenye umeme? Na katika mapatano yenu na mwajiri, pameandikwa nini juu ya vyombo vya nyumba vinavyoharibika kwa kuchakaa?